Kesi Isiyokwisha: Barua ya Wazi kwa Washauri Nasaha wa Same

Kwa washauri nasaha wa CTC (kliniki za tiba na matunzo ya VVU) na vituo vya afya, maafisa ustawi wa jamii, walimu wa unasihi, wachungaji, mapadre na masheikh wa Wilaya ya Same, mlimani na tambarare.

YAH: WANAORUDI KUWAULIZA SWALI LILE LILE



Kutoka nyumbani kwetu kwenda ndivani, kwenye bwawa letu la maji ya mashamba, kuna njia mbili. Ya mkato ni robo saa, inapita ukingoni mwa korongo. Nyingine inazunguka nyuma ya shule na kushukia kwenye mashamba ya tangawizi, na ukiwa na mzigo inakula saa nzima. Mwaka niliojifungua mwanangu wa kwanza nilizunguka kwa miezi minane, mtoto mgongoni, na aliyeniuliza sababu nilimjibu kwamba nafanya mazoezi. Mwanamke gani wa Upareni anapanda mlima kwa mazoezi? Walijua nawadanganya, wakaninyamazia.

Sababu ilikuwa neno moja. Mtoto alikuwa na wiki saba, zamu yetu ya maji imefika, nami niko pale ukingoni, neno likanijia kichwani: mtupe. Haikuwa sauti. Hakuna aliyenisemesha. Lilikuwa wazo langu mwenyewe, na nililichukia kuliko kitu chochote nilichowahi kukichukia. Nikaketi chini palepale, nikamfunga mtoto kwa khanga ya pili juu ya ile ya kwanza, nikarudi nyumbani karibu kwa kutambaa. Zamu ya maji akaichukua jirani. Tangu siku hiyo sikushika kisu mtoto akiwa jikoni, sikumwogesha peke yangu, na usiku niliamka mara nyingi kumgusa kifua nione kama anapumua, kisha kumgusa tena kwa sababu huenda nilikuwa nimemgusa vibaya.

Nilikwenda kwa washauri watatu. Wa kwanza alinisikiliza vizuri, akaniambia, “Mama, wewe huwezi kumdhuru mwanao. Nenda nyumbani, tulia.” Nilitoka pale nimepona. Nilipofika kituo cha bodaboda nikajiuliza: amejuaje kwamba siwezi? Labda sikumweleza vizuri. Nikarudi. Nilirudi kwake mara nne, na kila mara alinipa jibu lile lile kwa upole ule ule, na kila mara dawa yake iliisha nguvu mapema zaidi. Mshauri wa pili alishtuka. Aliita watu, nikaombewa siku tatu, mtoto akahamishiwa kwa mama mkwe. Mtoto alipochukuliwa nilijua sasa hata wao wameona mimi ni muuaji. Wa tatu nilimkuta Moshi, mama mtu mzima, mpole wa sauti, ambaye hakushtuka wala hakunituliza. Aliuliza swali ambalo sijalisahau: “Ukiambiwa huwezi kumdhuru, utulivu wako unadumu muda gani?” Nikamjibu kwamba mpaka kituo cha bodaboda. Akatikisa kichwa kama fundi aliyesikia mlio wa injini anayoijua.

Wapare tunataniwa nchi nzima kwamba mtu wetu atauza ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku. Sijawahi kuukasirikia utani huo, una ukweli wake. Basi nami niwaeleze ugonjwa huu kwa lugha ya kwetu. Ni kesi isiyokwisha. Mgonjwa ndiye mshtakiwa, ndiye wakili, ndiye shahidi. Anajishtaki kwa jambo ambalo hajalitenda, anajitetea usiku kucha, kisha alfajiri anatafuta hakimu amwachie huru. Hakimu ni mume, ni mama, ni sheikh, ni ninyi. Mkitamka “huna hatia,” anafurahi nusu saa halafu anakata rufaa. Ninachowaomba katika barua hii ni kitu kimoja, na kitawauma kwa sababu kinapingana na tabia njema mliyofundishwa: shukeni kwenye kiti cha hakimu. Msituhakikishie.

Wataalamu wanauita OCD. Kwa Kiswahili naona jina linalofaa ni ugonjwa wa mawazo ng'ang'anizi na matendo ya shuruti, kwa kuwa una miguu hiyo miwili. Wazo linaingia bila hodi: mikono ina uchafu, mlango haukufungwa, nimemgonga mtu kwa pikipiki pale Hedaru bila kujua, nimemkufuru Mungu, nitamtupa mtoto. Hofu inapanda. Mtu anafanya jambo ili ishuke: ananawa, anarudi kuangalia kufuli, anageuza pikipiki kukagua barabara, anarudia sala toka mwanzo kwa kuwa ameikosea neno, anauliza. Hofu inashuka, na mtego unafyatuka hapo hapo, maana akili inajifunza kwamba imesalimika kwa sababu ya kunawa. Kesho itadai kunawa zaidi. Nyumba ikiingia katika mchezo huo, wote wanakuwa watumishi wa ugonjwa. Mume wangu, fundi seremala asiye na maneno mengi, alifikia hatua ya kunijibu “yuko salama” kabla sijamaliza kuvuta pumzi ya kuuliza.

Wazo lenyewe halina ajabu. Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva walichapisha utafiti wao uliowauliza watu wa kawaida kama hupatwa na mawazo ya ghafla, machafu au ya kutisha, wasiyoyataka. Karibu wanane kati ya kila kumi walikiri. Kwa wengi wazo hupita kama basi lisilo lao. Mgonjwa hulisimamisha, akapanda, akaanza kugombana na kondakta.

Ninyi wa CTC mnamfahamu kijana huyu hata kama hamjampa jina. Alipima VVU, majibu hasi. Akarudi baada ya miezi mitatu kama mlivyomwelekeza, hasi. Mwezi uliofuata yupo tena kwenye benchi, anataka kujua kama kitepe kilikuwa kimepitwa na wakati, kama mpimaji alibadilisha glovu, kama damu aliyoiona kwenye kiti cha Noah yaweza kupita kwenye suruali. Mnamweleza njia za maambukizi, naye anazijua kuliko ninyi. Mara ya saba mnampima ili aondoke. Kama hakuna tukio jipya la hatari na kipindi cha kungoja kimeshapita, kipimo cha saba siyo huduma ya afya tena. Ni shuruti yake, mnamfanyia ninyi kwa vifaa vya serikali. Mkalisheni chini, mumuulize lile swali la yule mama wa Moshi. Mtu mwenye hofu ya kawaida atawaambia kwamba majibu yalimtuliza. Huyu atawaambia yalimtuliza hadi getini.

Shuleni tunawakosa kabisa, nami ni mwalimu, kwa hiyo lawama hii najipiga nayo. Ugonjwa huu mara nyingi huanza utotoni au ujanani, wengi kabla ya miaka 25. Mwanafunzi anayefuta neno hadi karatasi inatoboka, anayekabidhi nusu ya mtihani ilhali majibu anayajua, anayechelewa mstarini kila siku kwa sababu bafuni hakumaliziki, tunamwita mzembe au tunamwita msafi. Viboko haviwezi kuondoa jambo ambalo mtoto mwenyewe angelilipia aliondoe.

Na usafi nao una hadithi yake katika wilaya yetu kame. Shangazi yangu aliishi Same mjini miaka ile maji yalipokuwa yanauzwa kwa dumu na mikokoteni. Mtu mmoja, madumu kumi kwa siku. Muuza maji alifikiri anapika pombe. Watoto wake walikwenda shule na sare zisizofuliwa, kwa kuwa maji yote yaliishia kwenye mikono ya mama yao, mikono iliyopasuka kama ardhi ya Makanya mwezi wa kumi. Ukoo ulisema ana dharau, ana maringo ya mjini. Kitu kimoja cha heri kilikuwa kwamba ugonjwa wake ulihesabika. Yeyote aliyepita uani aliyaona madumu. Sasa maji ya mradi wa bwawa la Nyumba ya Mungu yaliyosubiriwa miaka mingi yameanza kufika, nami nashukuru kama mtu mwingine yeyote wa Same. Ila bomba humficha mtu wa aina ya shangazi. Halina dumu la kuhesabu. Itabidi muangalie mikono, na muulize inachukua muda gani kuoga.

Kuuliza kwenyewe hakuhitaji elimu kubwa. Ulizeni kama mtu ananawa au kusafisha kupita wenzake, kama anarudi rudi kukagua vitu, kama kuna wazo linalomsumbua ambalo angependa liondoke haliondoki, kama kazi ndogo za kila siku zinamchukua muda mrefu mno, kama vitu visipokaa sawa anashindwa kuendelea. Mkipata ndiyo, ulizeni saa. Shuruti zinazokula zaidi ya saa moja kwa siku, au zinazoharibu kazi, ndoa na masomo, ni ugonjwa. Halafu ongezeni swali moja ambalo Upareni halitajibiwa mara ya kwanza: “Kuna wazo ambalo unaogopa hata kulitamka?” Msiliulize mkiandika. Wekeni kalamu chini. Na kabla hajajibu, mwambieni kwamba mmeshasikia mengi, ya kuua, ya zinaa na watu wa nyumbani, ya kumtukana Mungu madhabahuni, na kwamba waliokuja nayo walikuwa watu wema. Mimi ningeambiwa hivyo siku ya kwanza, ningeokoa miezi minane ya kuzunguka mlima.

Najua mnachojiuliza sasa: je, kama kweli atamtupa? Swali ni halali. Mwenye ugonjwa huu analichukia wazo, analikimbia, anaficha visu, anakataa kubaki na mtoto, anakuja mwenyewe kutubu kwa jambo ambalo halijatokea. Mzazi mwenye kichaa cha uzazi ni habari nyingine. Huyo huweza kusikia sauti zinazomwamuru, au akaamini kwamba mtoto si wake au ana pepo. Hapati usingizi, maneno yake hayaungani, na wazo halimtishi, analiona la kweli. Huyo ni wa dharura: asiachwe peke yake na mtoto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kumfanyia wa kwanza kama wa pili ni kumpa ushahidi wa kesi yake. Na kwa wote wawili ulizeni waziwazi kama wamefikiria kujiua, maana kesi hii inachosha, na wapo wanaotaka kuifunga kwa njia hiyo.

Sasa nazungumza na ninyi watu wa Mungu, ambao huku kwetu ndio mnaofikiwa kwanza. Milima hii ina dini nyingi na za zamani. Wasabato walianzia kazi yao ya nchi hii hapa Upareni mwaka 1903, Walutheri wana dayosisi yao, Wakatoliki jimbo lao, na Waislamu misikiti tangu Usangi hadi tambarare ya Same. Ugonjwa huvaa nguo ya mahali ulipo, kwa hiyo kwetu mara nyingi huvaa kanzu au joho.

Neno wasiwasi tumelipata kwa Kiarabu, na wanazuoni wa Kiislamu waliujua ugonjwa huu kabla ya Ulaya kuuandikia vitabu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kuhusu afya ya mwili na nafsi, akauhesabu wasiwasi miongoni mwa maradhi ya nafsi na kueleza namna ya kuukabili. Fiqhi nayo ina kanuni inayomfaa mgonjwa wetu kuliko mawaidha mia: yakini haiondolewi na shaka. Mtu anayerudia udhu mara kumi kwa sababu huenda tone halikugusa kisigino, sheikh amwambie mara tatu zimetosha, aingie kwenye swala na shaka yake, na asije kuomba fatwa ya pili. Akija, asipewe. Hapo sheikh amefanya kazi ya mtaalamu.

Walutheri wenzangu, mwangalieni Luther mwenyewe akiwa mtawa kijana. Aliungama kwa saa nyingi, akaondoka, akakumbuka dhambi nyingine, akarudi, hadi Johann von Staupitz, padre wake wa kitubio, akachoka naye. Sisemi alikuwa na OCD. Sikai na wafu kuwapima. Ila mchungaji anayemsoma Luther akaishia kumkemea pepo mwanamke anayetubu dhambi ileile kila Jumatano, hakumsoma vizuri. Ombeni naye, mara moja. Ombi la pili kwa wazo lilelile, siku ileile, tayari ni udhu wa kumi.

Kuna methali tunayoipenda sana: wasiwasi ndio akili. Nimewahi kuiandika ubaoni kama mfano wa methali za tahadhari. Sasa nikiifundisha nasita kidogo, na wanafunzi hawajui kwa nini.

Tiba ipo. Mwaka 1966, jijini London, mwanasaikolojia Victor Meyer alieleza jinsi alivyowasaidia wagonjwa kwa kuwaweka karibu na kile wanachokihofia huku wakizuiwa kufanya shuruti. Huo ndio msingi wa tiba inayotumika hadi leo, nami niliipanda ngazi kwa ngazi. Ngazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika neno “mtupe” kwenye karatasi na kuiacha mezani bila kuichana. Nililia. Ya tatu au ya nne ilikuwa kukata vitunguu mtoto akiwa amelala kwenye mkeka hatua mbili kutoka nilipo. Ya mwisho mnaijua: njia ya mkato, asubuhi, mtoto mgongoni, mume wangu akiwa nyuma hatua ishirini, kisha hamsini, kisha nyumbani anapiga randa. Sharti lilikuwa nisiulize, nisirudi nyuma, nisisali ile sala yangu ya kinga. Hofu ilipanda hadi nikahisi mate yamekauka, ikakaa, kisha ikashuka yenyewe bila kulishwa. Sikuwahi kujua kwamba inaweza kushuka yenyewe. Sikuwahi kuipa nafasi.

Msiianze tiba hii kwa kusoma barua ya mwalimu wa Kiswahili. Inataka mtu aliyefundishwa, na mgonjwa ndiye anayekubali kila ngazi; kumlazimisha mtu ashike kinyesi ili “azoee” ni ukatili. Lakini nusu ya kazi ni yenu. Mnaweza kuuita ugonjwa kwa jina lake. Mnaweza kumwita mume, mama na watoto wakubwa, mkapatana nao jibu moja ambalo halimtukani mgonjwa wala kumlisha. La nyumbani kwetu lilikuwa: “Hilo ni swali la ugonjwa, silijibu. Lakini nipo hapa.” Mume wangu alijifunza kulisema huku akinimiminia chai. Mnaweza kupunguza kidogo kidogo, kwa makubaliano, kwa sababu kukata uhakikisho wote siku moja humwangusha mtu.

Dawa nazo zipo, na hapa wengi wanakosea subira. Fluoksetini na jamii yake ndizo za kwanza, mara nyingi kwa kipimo kikubwa kuliko cha sonona, na huweza kuchukua hadi wiki kumi na mbili kuonyesha kazi. Klomipramini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ikitajwa kwa ugonjwa huu huu. Mgonjwa anayeacha wiki ya tatu kwa sababu “haifanyi kitu” hajaijaribu. Diazepamu itampa usingizi, kesi itaendelea asubuhi.

Kitu kimoja kimenisikitisha. Mwongozo wa afya ya akili wa mhGAP wa Shirika hilohilo, toleo la 2016, uliotengenezwa kwa wahudumu wasio mabingwa kama ninyi, una sehemu ya sonona, ya saikosisi, ya kifafa, ya ulevi, hata ya ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Ugonjwa wetu hauna sura yake. Kwa hiyo sishangai mshauri wangu wa kwanza hakuutambua. Alikuwa mtu mwema akifanya alichofundishwa.

Rufaa kwa mtu wa Same maana yake ni Moshi, hospitali ya Mawenzi au KCMC, zaidi ya kilomita 100 na nauli ya kwenda na kurudi, na pengine mtu wa kulala kwake. Mkimtajia mtu hospitali za akili za Mirembe au Lutindi, atasikia kichaa na hamtamwona tena. Mwambieni mapema kwamba anakwenda kumwona mtu wa mazungumzo na dawa za kunywea nyumbani, na kwamba atarudi kwake. Mpeni barua yenye maneno ya kutosha: shuruti gani, saa ngapi kwa siku, nani nyumbani anamsaidia kuzifanya. Yule mama wa Moshi alilazimika kuanza na mimi kutoka sifuri, nami nilikuwa nimeshalisema neno lile mara kadhaa kwa watu wawili.

Mwanangu sasa yuko kidato cha tatu. Hajui habari ya korongo. Ataisoma hapa, tumekubaliana na baba yake kwamba ni wakati. Juzi zamu yetu ya maji ilikuwa alfajiri, tukatoka naye na jembe moja na tochi ya simu. Alitangulia. Pale ukingoni, neno likaja, lilelile dogo lisilo na sauti. Nikamuuliza mwanangu kama tochi ina chaji ya kutosha kufungulia ndiva. Akasema ina asilimia arobaini. Tukaendelea kushuka.

Wenu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Same, Kilimanjaro.